Kuteremsha Mbiu ya Sindano

Kashaija alikuwa mkulima mbovu, na hilo nalisema mapema kwa sababu yeye mwenyewe alilisema kila alipokaribishwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Migomba yake ilikonda, buni zake zilidondoka kabla hajazichuma, na mkewe Felicitas alizoea kuwaambia wageni kwamba mumewe hulima kwa mdomo. Lakini mdomo huo haukuwa wa mchezo. Akisimama juu ya kile kichuguu kikubwa pale njia ya Nyaishozi inapopinda, akapuliza pembe yake ya ng'ombe na kufungua kinywa, hata bibi mgumu wa masikio aliyekaa ng'ambo ya bonde aliacha kumenya ndizi akasikiliza. Alikuwa mpiga mbiu wa mkungu, yaani mkuu wetu wa kijiji, tangu Waingereza walipoingia hadi miaka ya hamsini, meno yalipomwishia.

Sauti hiyo aliigundua katika vita vya Mjerumani, alipokuwa mpagazi. Msafara wao ulitawanyika porini, watu wakapoteana, naye akapandishwa juu ya mti awaite wenzake. Aliita mpaka wote wakarudi, pamoja na wawili wa msafara wa adui waliodhani wanaitwa wao. Hiyo ya mwisho alipenda kuisimulia, nami sina hakika nayo.

Mimi nilizaliwa kibanja cha jirani, nikamkuta tayari ni mzee mwenye pembe iliyopasuka ukingoni na hasira za karibu. Ukimwomba arudie neno alikuuliza masikio umeyaacha wapi. Haya ninayoyasimulia nimeyapata kwa mama yangu, kwa Felicitas, na kwa dresa mmoja, msaidizi wa daktari, aitwaye Elpidius, kila mmoja akiyasema kwa namna ya kujipendelea kidogo. Nimeyalinganisha kadiri nilivyoweza.

Kwanza ni lazima nieleze jinsi mbiu ilivyokwenda kwetu. Mbiu ya msiba ilisimamisha majembe. Kashaija akishatangaza kwamba fulani amefariki, hakuna aliyelima tena siku ile. Majembe yaliwekwa chini mpakani mwa shamba na watu wakaenda kukaa na wafiwa. Kulima wakati jirani ana maiti ndani lilikuwa tusi ambalo halikusahauliwa. Mbiu nyingine zote, za mwindaji aliyepotea, za ng'ombe, za kazi ya barabara, zilikuwa na sharti lake pia: yule aliyeipandisha alitakiwa arudi kwenye kichuguu kile kile aiteremshe, yaani aseme yaliyotokea. Watu waliitwa kutafuta, basi waambiwe kama kimepatikana. Mbiu iliyoachwa juu iliwafanya wakae roho juu, na wazee walimlaumu mpiga mbiu kana kwamba ameacha mlango wao wazi.

Kashaija alilishika sharti hilo kwa ukaidi. Wakati mmoja ng'ombe wa mkungu Ndyamukama alipotea, kijiji kizima kikaingia porini kumtafuta. Jioni mkungu akamwambia aseme tu kwamba ng'ombe ameonekana. Kashaija akapanda kichuguu. "Ng'ombe wa mkungu ameonekana," akatangaza. "Ameonekana ndani ya chungu cha shemeji yake. Rudini mkapumzike." Mkungu alimnunia msimu mzima, lakini hakumfukuza, kwani hakukuwa na mwingine mwenye mapafu yale.

Mwaka mmoja au miwili kabla ya vita vya Hitla, homa ya papasi iliingia Nyaishozi kwa kishindo. Papasi ni wadudu wanaojificha katika vumbi la sakafu, chini ya nyasi tunazotandika ndani, nao hutoka kuwauma watu wakiwa wamelala. Homa yake ina ujanja. Inampanda mtu mpaka anaweweseka, kisha inashuka, anadhani amepona, anarudi shambani, halafu inamwangusha tena. Nyumba nyingi zilikuwa na mgonjwa, na nyumba ya mzee Rwegoshora ilikuwa na wagonjwa watupu, hata wa kuwateka maji hakuna.

Ndipo akaja daktari Mzungu na hema lake, pamoja na Elpidius, Mhaya wa Muleba ambaye viatu vyake havikushika vumbi hata kiangazi. Daktari alikuwa mrefu na mpole, Kiswahili amejifunza vitabuni. Lolote aliloambiwa alijibu "Vizuri." Ukimwambia mvua itanyesha, vizuri. Ukimwambia fisi amekula mbuzi, vizuri. Haukupita muda watu wakamwita Bwana Vizuri, naye alipolisikia jina hilo alifurahi.

Alimwita Kashaija akamweleza kazi yake, Elpidius akitafsiri palipokuwa pagumu. Dawa ilikuwa mpya. Alikuwa anaipima. Ikifaa itapelekwa kote kwenye homa hii, na isipofaa ni lazima ijulikane ili watu wasiendelee kuchomwa bure. Kashaija aliyapenda maneno hayo. Alimwambia Felicitas kwamba kwa mara ya kwanza amekutana na Mzungu anayejua kuteremsha mbiu.

Basi akapanda kichuguu akaita, na kwa kuwa aliita Kashaija, watu walikuja. Walichomwa wanaume, wanawake na watoto, wenye mimba na wasio nayo. Na dawa ilifanya kazi; hilo nisilifiche. Mzee Rwegoshora, ambaye wanawe walishaanza kunong'onezana kuhusu mahali pa kumlaza, alionekana akigombana na mbuzi wake. Watoto waliokuwa wamelala kama matambara walianza kuiba ndizi tena, na mama zao waliwapiga kwa furaha.

Lakini Renatha, mke wa mhunzi, alikuwa na mimba kubwa. Siku chache baada ya sindano mimba ile ilitoka. Hakukuwa na mbiu. Kwetu wakati ule mimba ikitoka haikutangazwa, hakuna jembe lililowekwa chini, na wala halikuwa neno la kusemwa mbele ya watu. Mwanamke alipelekwa kwa wazazi wake taratibu, na ukiuliza habari zake uliambiwa amekwenda kwao kusalimia. Ndivyo ilivyokuwa adabu. Aliyeulizwa alijua, aliyeuliza alijua, na wote wawili waligeukia habari za mvua. Renatha alibebwa kwa machela hadi kwao, nyuma ya kilima. Wakafuata wanawake wengine kadhaa, nao wakaenda kusalimia.

Bwana Vizuri alirudi baada ya majuma kadhaa kuwaona wote aliowachoma. Watu walikusanyika mbele ya hema, akawa anaita majina.

"Renatha yuko wapi?" aliuliza.

"Amekwenda kwao kusalimia, Bwana," akajibu mama mkwe wake, Anatolia, akitazama chini.

"Vizuri," akasema daktari, akaandika.

Akaitwa mwingine, naye alikuwa amekwenda kusalimia. Na mwingine. Mwaka ule wanawake wa Nyaishozi walikuwa na heshima ya ajabu kwa wazazi wao. Elpidius alitafsiri kila jibu kwa sauti ile ile, na daktari akafurahi kwamba wagonjwa wake wamepata nguvu za kutembea safari ndefu.

Miaka mingi baadaye Elpidius alistaafu, akazeekea kwetu, nami nikamwuliza kwa nini hakumfumbua macho yule mtu. Alijibu kwa utulivu: "Mimi nilikuwa mkalimani, mama. Neno nililipeleka kama nilivyolipokea. Hata kwetu Muleba ndivyo tunavyosema." Jibu hilo lilinikera, na mpaka leo linanikera, kwa sababu siwezi kusema kwamba alidanganya.

Siku ile ile ya kuita majina, Elpidius alimfuata Kashaija.

"Sasa teremsha mbiu," akamwambia. "Sema dawa imefaa, wagonjwa wamepona, hakuna aliyedhurika. Halafu jiandae. Mwezi ujao tunakwenda Kamuli kwa dawa hiyo hiyo, na mkungu amekubali ukatuitie watu huko."

Kamuli ndiko alikoolewa Kokuhirwa, mtoto pekee wa Kashaija. Aliolewa na kijana mwema aitwaye Protase, akakaa naye miaka bila kupata mtoto, mpaka wakwe zake wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni na kuzungumza habari za mke wa pili. Felicitas alisali rozari hadi shanga zikabadilika rangi. Na mwaka huo, hatimaye, Kokuhirwa alikuwa na mimba inayoonekana. Kashaija aliposikia neno Kamuli, alichukua pembe yake akaenda zake nyumbani.

Hakuteremsha mbiu siku hiyo, wala iliyofuata. Wanaume wa rika lake hawakuzungumza mambo ya uzazi, na alilojua kuhusu hao waliokwenda kusalimia lilikuwa la kukisia. Mwishowe aliingia jikoni, mahali alipoingia kwa nadra, akasimama karibu na mafiga kama mgeni.

"Mama Kokuhirwa, hawa waliokwenda kusalimia, wamekwenda kusalimia kweli?"

Felicitas hakuacha kumenya ndizi. "Mwanamume una haja gani na habari za wanawake?"

"Mbiu iko juu."

"Teremsha basi, kama ulivyoambiwa."

"Nikienda Kamuli nikapuliza pembe, Kokuhirwa atakuja kwenye sindano. Atakuwa wa kwanza. Mimi ni baba yake."

Felicitas aliweka kisu chini. Akamwambia yote aliyoyajua, ya Renatha na ya wengine, bila kumtazama usoni. Alipomaliza alichukua kisu akaendelea na ndizi zake.

Kesho yake Kashaija alikwenda hadi kwa wazazi wa Renatha. Walimpokea vizuri, wakamletea buni za kutafuna, na yule mtu ambaye hakuwahi kukosa neno akatafuna buni zote bila kusema lolote. Renatha alikuwa amekaa uani, amejifunga shuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akakohoa. "Nimekuja kuuliza jambo ambalo halinipasi."

"Uliza tu."

"Ilikuwa sindano?"

"Sijui, baba. Homa nilikuwa nayo, na sindano nilikuwa nayo. Mwili ni mmoja, nitajuaje kipi kilichofanya? Ninachojua ni kwamba hakuna aliyeniuliza."

"Na nikilisema juu ya kichuguu, litakuaibisha?"

"Litaniaibisha," akasema Renatha. Kisha akaongeza: "Lakini mke wa kaka yangu ana mimba, naye yuko Kamuli. Ngoja kwanza niongee na mume wangu, asije akayasikia kutoka kwenye pembe. Halafu useme. Na jina langu ulitaje. Usipotaja jina watasema ni uvumi wa kisimani."

Kashaija alingoja mpaka mhunzi alipokwenda kwa wakwe zake na kurudi. Mhunzi alipita mbele ya nyumba yake, hakusimama, ila aliinamisha kichwa mara moja. Hiyo ilitosha.

Mama yangu alikuwepo Kashaija aliposema juu ya kichuguu. Alisema hivi, na mama aliyashika maneno yake hadi kufa kwake: "Watu wa Nyaishozi, naiteremsha mbiu ya sindano. Wengi waliochomwa wamepona, mzee Rwegoshora mnamwona. Wapo ambao homa iliwarudia. Na wapo wanawake waliokuwa na mimba, wakachomwa, na mimba zikatoka. Renatha wa mhunzi ni mmoja wao, naye ameniruhusu. Wengine hawakwenda kusalimia. Kama ni homa iliyofanya au ni sindano, sijui, na aliyestahili kujua hakuambiwa. Hayo ndiyo yaliyotokea."

Kelele zikaanza. Anatolia alijifunika uso kwa kitenge akakimbilia nyumbani. Mkungu Ndyamukama alimwita Kashaija barazani mwake, akamwuliza ni nani aliyemtuma kuvua watu nguo hadharani.

"Waitu," akajibu Kashaija kwa heshima zote, "ningeteremsha nusu, ile nusu nyingine ningeiacha wapi?"

Elpidius alikasirika zaidi ya mkungu. Alisema watu watakimbia dawa nzuri kwa ajili ya maneno ya wanawake, na watoto watakufa kwa homa wakati sindano ipo. Hakuwa mjinga, na hofu yake haikuwa ya bure. Kashaija alimjibu kwamba hakusema dawa ni mbaya. Alisema yaliyotokea.

Kisha akafunga safari ya Kamuli kabla ya hema la daktari kufika huko. Alipita Rubwera, ambayo wakati ule ilikuwa migomba na njia ya miguu, akalala kwa jamaa, akafika. Akasimama mahali watu walipomwonyesha akawaita kwenye sindano, na katika mbiu hiyo hiyo akawaambia ya Nyaishozi, mazuri na mabaya, pamoja na kutojua kwake. Kokuhirwa alikuwa amesimama chini ya mgomba, mkono tumboni. Walipokaa kula alimwambia tu, "Nimesikia, baba."

Kashaija alirudi nyumbani akiimba njia nzima, na kuimba hakukujua. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemvuta mtoto kutoka ukingoni mwa shimo. Felicitas alimkaangia senene za akiba.

Huko Kamuli wanaume na watoto walikwenda kwenye sindano, lakini wenye mimba hawakuonekana. Bwana Vizuri akauliza sababu, na safari hii Elpidius, ambaye nadhani dhamiri ilikuwa imemchosha, alimweleza maana ya kwenda kusalimia. Daktari akatuma mtu hadi Nyaishozi kumwita Kashaija, naye akarudi tena, akinung'unika kwamba miguu yake si ya serikali.

"Vibaya," akasema daktari alipomwona. Watu walishtuka, maana hawakujua kama neno hilo analo. "Vibaya sana. Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikuambia, Bwana, kwa adabu yetu," akasema Kashaija. "Nawe uliridhika."

"Niliridhika," daktari akakubali. "Nilipenda jibu lenyewe, sikulichimba." Kisha akainama mbele. "Lakini sikiliza na mimi. Homa hii yenyewe hutoa mimba. Nimeona kwingine, ambako hakuna aliyechomwa sindano. Sasa umewaambia wenye mimba yaliyowapata waliochomwa. Hawa wa Kamuli hawatachomwa. Yatakayowapata hawa, nayo utayasema?"

Kashaija hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amesema kwamba hajui, lakini ndani ya moyo wake alikuwa amekwisha amua kwamba ni sindano. Alikaa akiigeuzageuza pembe mikononi.

"Mbiu hii niliipandisha mimi," akasema mwishowe. "Nitaiteremsha mimi."

Haukupita muda homa ikazidi Kamuli kuliko ilivyoikumba Nyaishozi. Na Kokuhirwa akashikwa. Protase alimsihi aende kwenye hema, akakataa. Alisema baba yake ameshasema. Homa ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Mimba ilikuwa imebakiza kidogo tu, na mtoto alikuwa wa kiume. Alitoka hana uhai.

Protase na ndugu zake walimbeba Kokuhirwa kwa machela hadi Nyaishozi kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Majirani walioona machela ikipita waliuliza kwa upole, na Felicitas akawajibu akiwa mlangoni: "Kokuhirwa amekuja kutusalimia." Majirani wakasema karibu yake, wakazungumza habari za mvua, wakaenda kulima.

Nimejaribu mara nyingi kufikiria siku zile ndani ya nyumba ile. Kashaija hakugusa chakula. Pembe aliitundika, kisha akaitundua, kisha akaitundika tena. Kwa kauli ya Felicitas, alikuwa akisema peke yake neno moja, "Mimi, mimi," na akiulizwa anasema hakusema kitu. Alimpenda binti yake huyo kupita kiasi, na yeye ndiye aliyemwambia ya sindano.

Kokuhirwa alipopata nguvu ya kukaa, alimwita.

"Baba, mbiu ya Kamuli bado iko juu."

"Iache," akasema Felicitas kwa ukali kutoka kwenye mlango. "Hii hapana. Tumeshatoa ya kutosha. Waambie ya wengine, yetu uyaache humu ndani. Wakwe zake wanatafuta neno la kudai warudishiwe mahari, nawe ukawape?"

"Mama, aliyasema ya Renatha," akasema Kokuhirwa.

Felicitas alitoka nje, na Kashaija akamtazama binti yake, akataka kumwomba msamaha. Lakini Kokuhirwa alimtangulia kusema.

"Wewe ulisema hujui, baba. Nilisikia vizuri. Mimi ndiye niliyechagua. Ila sitaki wenzangu wachague kwa nusu ya habari."

Kashaija akaenda. Huko Kamuli aliwazungukia kwanza wenye mimba, nyumba kwa nyumba, akiwa na mama mkwe wa Kokuhirwa, mwanamke mkavu ambaye aliwashangaza wote kwa kukubali kufuatana naye. Alipokuwa amepata yote akapuliza pembe. Elpidius alisema sauti ilitoka nzima mpaka mwisho, na kwamba yeye mwenyewe alishindwa kutafsiri, ikabidi daktari asubiri.

"Watu wa Kamuli, naiteremsha mbiu. Wenye mimba wa hapa hawakuchomwa. Waliopata homa miongoni mwao, wapo waliojifungua salama, na wapo ambao mimba zilitoka kama zile za Nyaishozi. Mmojawapo ni Kokuhirwa wa Protase, binti yangu. Alikataa sindano kwa sababu ya maneno yangu. Niliwaambia sijui kama ni homa au ni sindano, na leo sijui, ila najua kwamba homa peke yake yaweza. Pengine sindano ingemsaidia. Pengine isingemsaidia. Sasa mnajua ninachojua mimi."

Daktari alimfuata mpaka njiani. Alimwuliza, kwa Kiswahili chake cha vitabuni, kama anaruhusiwa kumwandika binti yake.

"Mwandike," akasema Kashaija. "Lakini mwandike pamoja na wale wa sindano. Asikae upande mmoja bila wenzake."

Elpidius aliniapia kwamba ndivyo ilivyoandikwa, waliopona na waliopoteza, waliochomwa na wasiochomwa, na kwamba tangu hapo daktari yule akiambiwa mgonjwa amekwenda kusalimia, alichukua fimbo yake akamfuata huko huko aliko. Maandishi hayo sikuyaona mimi, na sijui yalimsaidia nani huko yalikokwenda. Napenda kuamini kwamba yalimsaidia mtu.

Kashaija alirudi Nyaishozi polepole. Ulikuwa msimu wa kupalilia maharage, wakati ambao kijijini kwetu jembe husikika tangu umande haujakauka. Alipofika kwenye mashamba ya kwanza alisikia kuku na watoto, basi. Akatazama. Majembe yalikuwa yamelazwa chini mpakani, shamba baada ya shamba.

Akapandwa na hasira, maana kuna mtu amefariki yeye akiwa safarini, na mtu mwingine amethubutu kutangaza. Mama yangu, wakati huo bado mwari, alikuwa anatoka shambani na kikapu cha ndizi kichwani, amevaa kanga ya msibani. Kashaija akamsimamisha.

"Nani amefariki? Na nani amepiga mbiu bila mimi?"

Mama akatua kikapu chini, akapiga goti kumwamkia. "Hakuna aliyepiga mbiu, baba. Mama Kokuhirwa alipita asubuhi nyumba kwa nyumba, akatwambia kwamba binti yake hakuja kusalimia." Akaonyesha majembe kwa kidole. "Tumeweka majembe kwa ajili ya mjukuu wako. Renatha na mhunzi wamo nyumbani kwako tangu asubuhi. Hata Anatolia yupo."

Kashaija akakaa chini pale pale mpakani, kati ya majembe ya watu. Akalia kwa sauti ile ile yake, na bonde zima likamsikia.